Watangazaji na Yule wa Nyuma

Nyumbani kwangu Goma hakuna ruhusa ya kuzima televisheni kabla mkimbiaji wa mwisho hajavuka mstari. Wanangu wameizoea sheria hiyo kama walivyozoea kunawa mikono kabla ya kula, na wageni wakiuliza wanajibiwa kwamba Mama ana mambo yake. Mbio zikianza nakaa karibu, na watangazaji wakianza kupaza sauti nawapunguza mpaka wabaki wakichezesha midomo tu. Sina chuki na watu, lakini wale siwapendi. Mtu analipwa aangalie watu ishirini wakikimbia, yeye anawaangalia watatu. Wa kwanza akifika anapiga kelele utafikiri ndiye aliyekimbia, anatueleza alikozaliwa, anayemfundisha, goti lililomuuma mwaka jana. Na wale waliobaki, waliotoa jasho lilelile kwenye njia ileile, anawamaliza kwa maneno matatu: na wengine wanafuata. Wanafuata wapi? Umewaona?

Wiki tatu zilizopita tulimzika Papa, baba yangu. Nilipokuwa bado na kitambaa cha matanga kichwani, umeme ulikatika mtaani, na jirani akawasha grupu lake dogo, ile mashine ya petroli inayokohoa kabla ya kuwaka. Harufu ikapita juu ya ukuta ikanikuta nimesimama na beseni la vyombo, nikakaa chini na beseni langu. Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu wakati wa vita mnajua kwamba kuna harufu zinazomshika mtu popote. Hii ilinirudisha Kashebere, kwenye sinema ya Papa Mumbere, mahali nilipoanza kugombana na watangazaji kabla sijajua hata neno moja la Kifaransa chao.

Lakini sitaeleweka nisipoanzia Kibabi, kijijini kwetu. Sisi ni wakulima wa milimani, na hospitali ilikuwa mbali, Kirotshe, chini kabisa kando ya ziwa. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa kipoyi: kiti cha mianzi kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu, wanaume wanne mabegani, na wengine nyuma wakisubiri kuwapokea. Papa yangu alikuwa mtu wa mbele. Mtu wa mbele hageuki, maana akigeuza shingo mgonjwa anayumba, na njia zetu ni za utelezi mwaka mzima. Kwa hiyo kulikuwa na desturi. Kila baada ya muda, yule wa mbele aliita, "Nyuma?" na yule wa mwisho kabisa alijibu, "Tuko!" Mstari ukiwa mrefu, wito ulipitishwa mdomo kwa mdomo mpaka mwisho, na jibu likarudi hivyohivyo. Jibu lisiporudi, wote wanasimama, kipoyi kinawekwa chini, na wanaume wawili wanarudi kuangalia. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha. Mtoto alikua akisikia hivyo, naye akawa anajua.

Siku tulizokimbia kulikuwa na ukungu. Nani alikuwa akipigana na nani sikumbuki vizuri. Majina ya makundi yalibadilika kila mara, na mtoto hushika tu milio inatoka upande gani. Papa na wenzake walimweka kwenye kipoyi mama mmoja mzee, jirani yetu, ambaye miguu ilikuwa imemvimba, na sisi wengine tukafuata kwa mstari mmoja kuelekea upande wa Walikale. Kaka yangu Bauma aliwekwa nyuma kabisa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, ana miaka kumi na tano, na shuleni kwetu hakuna aliyewahi kumshinda mbio. Papa ndiye aliyempanga.

"Wewe uko na miguu," alimwambia. "Bakia nyuma. Ukiona muntu anachoka, umusaidie muzigo."

Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Nilibebeshwa sufuria ndogo ya Mama, na nikajipanga mbele ya Bauma tu, kwa sababu nikiwa karibu naye sikuogopa.

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, tulivuka kijito. Niliweka sufuria kwenye jiwe ili ninywe maji. Tulikuwa tumeshapanda mlima wote wa ng'ambo nilipojishika kichwa nikakuta hakuna kitu. Nikaanza kulia bila sauti, maana ile ndiyo sufuria pekee tuliyotoka nayo. Bauma alinitazama kichwani, akacheka.

"Umeiacha kule kwa maji?"

"Ndiyo."

"Nyamaza. Mi ntaenda kuichukua mbio, Mama hatajua hata kidogo. Papa akiita, ujibu."

Akageuka. Niliona visigino vyake vyenye matope vikishuka, halafu ukungu ukamfunika.

Baada ya muda tukasikia milio nyuma yetu, mbali. Haikuwa mingi, mitatu au minne. Mstari ukasitasita. Na kutoka mbele wito ukaja, mbiombio kuliko siku zote, ukipita kwa watu mmojammoja mpaka kwa mama aliyekuwa mbele yangu. Aligeuza kichwa nusu akanipa: "Nyuma?"

Nilikuwa nimeambiwa nijibu, nami nilikuwa mtoto mtiifu.

"Tuko!" nikasema.

Nikalisikia jibu langu likipanda mlima kwa sauti za watu wazima, moja baada ya nyingine, mpaka likamfikia Papa. Mstari ukaanza kutembea tena.

Jioni, mwanzo wa nyumba za Kashebere, Papa alisimama kando ya njia akamwita kila mtu kwa jina, kila aliyeitwa akipita. Mimi nilipita wa mwisho. Aliangalia njia nyuma yangu, akaniangalia, akaangalia njia tena.

"Bauma iko wapi?"

Nilisema sijui. Akawauliza wakubwa, "Milio ilipolia niliita. Nani alijibu nyuma?" Kila mmoja akasema amelipokea jibu kutoka kwa aliyemfuata. Yule mama aliyekuwa mbele yangu alisema kwa ukungu ule hakuona mtu, alisikia tu. Mama akaniuliza sufuria iko wapi. Nikasema imenianguka ikachukuliwa na maji. Aliniangalia muda mrefu kidogo, halafu akaenda kutafuta mahali pa kutulaza.

Papa alirudi njiani usiku uleule na wanaume wawili, na wakarejea siku ya nne baada ya kuondoka. Walifika mpaka kwenye kijito, wakazunguka vichaka vyote. Hawakukuta mtoto, hawakukuta maiti, hawakukuta nguo. Watu waliangalia nyuso zao. Mimi niliangalia mikono yao, kama kuna mwenye sufuria.

Papa Mumbere alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka, depo ya kuwekea magunia na lori, na rozari kubwa ya mbao iliyoning'inia mbele ya dereva. Alitupa chumba nyuma ya depo, na Papa akawa anapakua magunia yake. Kando ya depo kulikuwa na kibanda cha mabati chenye mabenchi, televisheni, na sahani ya antena juu. Hiyo ndiyo sinema. Ilifunguliwa mchana tu, kwa sababu jua likishuka kila mtu alitakiwa kuwa ndani kwake. Kwa kawaida walionyesha mpira. Lakini msimu mmoja, kwa siku nyingi mfululizo, ikawa ni michezo ya mbio kutoka nchi ya mbali, na Papa Mumbere aliipenda kuliko mpira.

Siku ya kwanza nilikaa kati ya watoto wa wakimbizi, benchi ya mbele. Tuliona watu wameinama kwenye mstari, na bwana mmoja mwenye koti zuri akainua bastola juu, akapiga. Sisi sote tulikuwa chini ya benchi kabla moshi haujatoka. Watoto wa Kashebere walicheka mpaka wakatoa machozi. Nilipoinua kichwa, watu wa kwenye televisheni walikuwa wakikimbia kwa nguvu zao zote, na mimi sikushangaa hata kidogo. Risasi ikilia, watu hukimbia. Kilichonishangaza ni kwamba hawakuwa na mizigo. Hakuna godoro, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kuku. Halafu wakazunguka wakarudi palepale ilipopigwa bastola, jambo ambalo niliona ni ujinga mkubwa.

"Papa, banakimbilia wapi?"

"Sijue, mutoto wangu. Minangoja nione."

Na juu ya yote kulikuwa na ile sauti. Nilidhani ni mtu aliyewekwa kwenye kilima, kama vijana waliowekwa kulinda njia kwetu, anayeona kila mtu anayekimbia na kusema anachokiona. Papa Mumbere alikuwa amesoma, akatugeuzia maneno: huyu wa mbele alilelewa na bibi yake, huyu wa pili aliumia mguu akapona, yule alianza kukimbia akienda shule. Mtangazaji alijua kila kitu cha kila mtu. Hapo hofu ikanishika. Mtu anayejua nani alilelewa na bibi yake hawezi kukosa kujua nani alijibu nyuma. Tangu siku ile nilihamia benchi ya mwisho, nikakaa nyuma ya mgongo wa Papa, ili mwenye sauti asinione akanitaja.

Papa yeye alikuwa na jambo lingine. Siku ya kwanza alitazama tu. Ya pili, wa kwanza alipofika na mtangazaji akaanza kupiga makelele yake, Papa aliuliza, "Na bale bengine?"

"Banakuja," alisema Papa Mumbere.

"Anasema nini juu yabo?"

"Anasema banafuata."

"Banafuata namna gani? Kulikuwa mumoja mwenye alikuwa anachechemea kule nyuma. Alifika?"

Lakini picha ilikuwa imeshahama. Tuliona bendera, tuliona mshindi akilia, tukaona wanaume wawili wenye tai wakikaa mezani na kucheka. Papa alisimama kutoka kwenye benchi.

"We mwenye kusema!" aliiambia televisheni. "Uko na macho ya kazi gani? Ule wa nyuma alifika?"

Watu walicheka sana. Papa Mumbere alimshika bega. "Papa Bauma, unagombana na muntu hakusikie. Iko Ulaya kule!"

"Asikie ao asisikie. Kazi yake njo kuangalia."

Ikawa hivyo kila siku. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nilidhani Papa hakuelewa michezo, kwamba ni mtu wa mlimani asiyejua kuwa mshindi ndiye anayetakiwa. Vijana wakamfanya mchezo. Mbio ndefu zikifika katikati, Papa, bila kujijua nadhani, alikuwa akiita kwa sauti ya njiani, "Nyuma?" Siku moja kijana wa pale akajibu kutoka kwenye kona, kwa mzaha, "Tuko!" Sinema nzima ikaangua kicheko.

Papa akageuka. Sijawahi kuuona uso ule tena.

"Nani amejibu?"

Kicheko kikakatika.

"Minauliza nani amejibu. Hata siku moja usijibie muntu haumuone. Unasikia? Heri unyamaze. Ukinyamaza, bantu batasimama."

Alikuwa akimwambia yule kijana, lakini mimi nilikuwa nimeketi hatua moja kutoka kwake. Nilitoka nje, nikajificha nyuma ya depo mpaka Mama alipokuja kunitafuta.

Mama hakuwa akija sinema. Yeye alikuwa na vita yake na Papa, na ilihusu matanga. Kwetu mtu akifa watu wanakuja kukaa nawe, moto unawashwa uani, mnalia, mnakula pamoja, na siku ya mwisho mama wa marehemu ananyolewa nywele, anaogeshwa, nguo za marehemu zinagawanywa, naye anarudishwa kati ya watu. Mama aliomba apewe hilo. Shati la shule la Bauma lilikuwa limetundikwa kwenye msumari chumbani, maana lilikuwa katika mzigo wa Papa siku tuliyokimbia, na kila asubuhi Mama aliamka akiliangalia.

"Papa Bauma, mutoto wangu ntamulilia lini?"

"Nani amekuambia amekufa?"

"Mwaka inapita."

"Nani alimuona akianguka? Hakuna. Hajafika, njo vile tu. Siwezi kuita bantu bakuje kulia muntu mwenye iko njiani."

Walizozana hivyo kwa sauti ya chini, wakidhani nimelala. Na mchana kila mtu aliwaita Papa Bauma, Mama Bauma, kwa heshima, kama tunavyoita wazazi kwa jina la mzaliwa wao wa kwanza. Mama akaanza kukonda. Aliacha kuimba kanisani, halafu akaacha kwenda. Kuna siku nilimkuta amekaa uani amejishika nywele kwa mikono miwili, nywele ndefu ambazo hakuwa na ruhusa ya kuzinyoa. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingemaliza ugomvi wao. Ningesema alirudi kuchukua sufuria, alishuka kabla ya milio, na aliyejibu ni mimi. Neno lilikuwa mdomoni. Nililimeza kila siku.

Siku ya mwisho ya michezo walionyesha mbio za barabarani, zile ndefu kuliko zote. Waliondoka wengi, na wakapungua. Nyuma kabisa kulikuwa na mmoja mwembamba sana, mwenye fulana ya kijani, aliyekimbia ameinamia upande mmoja kama aliyechomwa ubavuni. Picha ilimpitia mara mbili tu, kwa bahati, ikifuata gari. Mtangazaji hakumtaja. Papa alimwona mara zote mbili, na mara ya pili akasogea mbele mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni.

Wa kwanza akafika, wa pili, wa tatu. Kelele, bendera. Watu wakaanza kutoka, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya na jua liko njiani kushuka. Papa Mumbere alikuwa na mkutano parokiani.

"Papa Bauma, imekwisha."

"Haiyakwisha. Kungali muntu kwa njia."

Papa Mumbere alimtazama, akanitazama mimi nyuma yake, akaelewa kitu ambacho mimi sikukielewa. "Petroli yenye iko ndani ni kidogo," alisema. "Itumieni mpaka iishe. Mufunge mulango."

Tukabaki wawili. Mvua ikaanza kugonga mabati. Mama akaja kututafuta, kitenge kichwani, akasimama mlangoni. Kwenye televisheni wale wawili wenye tai walikuwa wakizungumza na kucheka.

"Munaangalia nini?"

"Minangoja ule wa nyuma," alisema Papa.

 Mama akaja akakaa kwenye benchi kando yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Na akifika?"

Papa hakuondoa macho kwenye kioo.

"Nione tu mumoja wa mwisho akifika," alisema. "Mumoja tu, Mama Bauma. Nyuma ya pale ufanye yenye unataka."

Tukangoja. Walionyesha wanawake wakirusha mkuki. Walionyesha tena mshindi, kwa mara ya tano au ya sita, na mtangazaji akarudia makelele yake yaleyale. Kila picha ilipobadilika Papa aliinuka kidogo, halafu akakaa. Niliwachukia wale watu kwa nguvu zote za mtoto. Walikuwa na macho pale barabarani, wangeweza kugeuza kichwa mara moja tu, na hawakugeuza.

Grupu likaanza kukohoa. Papa alitoka mbio kwenye mvua kulitazama. Taa ya televisheni ikacheza, ikarudi, ikacheza, na kioo kikawa cheusi. Tulimsikia nje akivuta kamba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine haikuwaka. Kisha kimya, mvua tu. Akaingia na kamba mkononi, akinuka petroli, maji yakimtiririka usoni.

Mama alikuwa akiangalia kile kioo cheusi.

"Amefika," alisema.

Papa akasimama palepale.

"Amefika?"

"Sasa hivi. Wakati ulikuwa nje."

"Alikuwa anakimbia?"

"Alikuwa anatembea. Lakini alifika."

"Balimutaja jina?"

"Balimutaja."

Nilifungua mdomo niseme kwamba mashine ilikuwa imezimika, kwamba hakuna kitu kilichoonyeshwa. Mama hakunigeukia, ila mkono wake ulinishika goti, ukabana. Papa alimtazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe mutoto wangu, ulimuona?"

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Nilimuona."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaikunja ile kamba vizuri, akaiweka juu ya meza. "Basi," alisema. "Ni vizuri." Na tukarudi chumbani kwenye mvua, yeye mbele, Mama katikati, mimi nyuma.

Matanga yalikaliwa wiki ile. Papa Mumbere alileta mchele na maharagwe, wakimbizi wote wa Kibabi wakaja kukaa nasi. Mama alilia siku tatu bila kupumzika, kilio cha mtu aliyezuiwa kula na sasa amepewa chakula, na siku ya mwisho akanyolewa. Shati akapewa mtoto wa yule mama aliyetembea mbele yangu. Lilimtosha vizuri.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulimdanganya Papa. Niliona tulimwibia kitu, mimi na Mama, na nilipomwona amekaa peke yake nilijua ni kosa letu. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto ndipo siku moja, nikivuta kamba ya grupu kwangu mwenyewe, nikasimama na kamba mkononi. Mtu aliyekuwa akivuta kamba ile siku ile alijua vizuri kuliko wote kwamba mashine imekufa. Hakuna aliyemdanganya. Mke wake alimpa mlango naye akapita. Lakini alipoukaribia aliniuliza mimi, na mimi nikamjibia Bauma kwa mara ya pili, bila kumwona. Ndiyo maana nawachukia watangazaji. Nikisikia mtu akisema "na wengine wanafuata," nasikia sauti yangu ikipanda mlima.

Vita vilipopungua wazazi wangu walirudi Kibabi, na Papa alizeeka akilima. Alikufa Kirotshe, hospitalini, kwa ugonjwa wa uzee. Gari lilileta sanduku mpaka mahali barabara inapoishia, na kutoka pale likapandishwa mlima mabegani. Mwana anayetoka mbali hutembea nyuma. Nikawa wa mwisho kwenye mstari, na kulikuwa na ukungu.

Katikati ya mlima kijana wa mbele, ambaye hata hamjui Bauma, akaita kama alivyowasikia wakiita wale waliomsikia Papa. Wito ukashuka mdomo kwa mdomo. Dada mmoja mbele yangu aligeuza kichwa nusu, akanipa: "Nyuma?"

Niligeuka nikaangalia. Njia ilikuwa tupu mpaka pale inapoingia kwenye ukungu. Sikujibu. Dada yule alirudia, nami nikanyamaza. Nikasikia ukimya wangu ukipanda mlima kama jibu lilivyopanda siku ile, na mbele kule wakasimama. Wote. Wakaweka sanduku chini kwenye majani, na vijana wawili wakaanza kushuka kuja kuangalia. Ilikuwa rahisi hivyo.

"Kuko nini, mama?" waliniuliza.

"Nyuma hakuna muntu," nikasema. Na kwa kuwa nimeanza, nikaendelea, nikilia mbele ya watu wote kama mtoto. "Nilisahau sufuria kwa maji. Akarudi kuichukua. Alikuwa ameshaenda kabla ya milio. Papa aliita, na mi njo nilijibu. Hakukuwa muntu nyuma yangu. Mi njo nilijibu."

Vijana hawakuelewa, wakatazamana. Wazee walielewa. Kutoka mbele, karibu na sanduku, Mama alianza kushuka na fimbo yake, polepole, watu wakimpisha. Alifika kwangu. Alinitazama namna ileile aliyonitazama jioni ile ya Kashebere, aliponiuliza sufuria iko wapi. Hakunishika. Alinipita, akasimama nyuma yangu, akageuza uso kuelekea juu.

"Mubebe," alisema. "Muende."

Wakabeba. Tulipanda mpaka juu tukiwa na Mama nyuma, na kila walipoita, yeye ndiye aliyejibu.